Vifaranga Wasishtuke

Wiki tatu zilizopita tulimzika Godlove hapa Kongowe, Kibaha. Tulipotoka makaburini, watu wakiwa wananawa mikono kwa ajili ya wali, kijana mmoja wa ukoo wao aliunganisha simu yake kwenye spika za msibani akapiga ule wimbo. Alikuwa na nia njema. Alitaka watu wajue kwamba marehemu aliwahi kuwa msanii, na kwamba kinanda walichokichezea kwenye harusi zao zamani kilipigwa na mtu waliyetoka kumfukia. Wazee wawili watatu walitikisa kichwa, lakini akina mama waliokuwa wanapakua wakaanza kuitikia kiitikio, kwanza taratibu, kisha kwa furaha kabisa, na mama yake Godlove mwenyewe aliinua mkono akaupunga mara mbili hewani kabla hajakumbuka alipo. Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Nilitazama upande wa wanawake nikamwona mdogo wangu Tatu, ambaye sauti yake ndiyo ilikuwa inatoka kwenye zile spika, amejifunika khanga mpaka puani. Hakuna aliyemgeukia. Hakuna aliyekumbuka kuwa wimbo ule una mwenyewe, na kwamba mwenyewe amekaa pale kwenye mkeka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja tu wa ujana wetu. Habari za wazazi wetu, walivyoondoka na sisi tulivyobaki, naziacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, na watu wawili walikuwa wanakula kwa sababu mimi nimeamka: Shabani, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, na Tatu, aliyekuwa na kumi na saba. Nilikuwa nafuga kuku. Mtaani waliniita Baba Vifaranga, na sikuwahi kulichukia jina hilo.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na banda refu la tofali za kuchoma, lililogawanywa katikati kwa ukuta ambao haukufika juu. Upande mmoja nilikuza vifaranga wa siku moja hadi wafike wiki nne, ndipo wafugaji wengine waje kuwachukua. Upande wa pili ulikuwa stoo ya pumba na mahindi. Shabani aliniomba stoo hiyo mwanzoni mwa mwaka, siku tuliyokuwa tunakula ugali na mchicha sebuleni, mlango ukiwa wazi na jua limefika mpaka kwenye miguu ya meza.

"Kaka, ile stoo tunaomba tufanye studio," alisema.

"Studio ya nini?"

"Ya muziki. Mimi na Godlove. Ana kinanda, kanisani kwao wamenunua kingine, hicho wamempa. Mimi nina ile kompyuta ya mtumba. Tatu ataimba."

"Kwani Tatu anaimba?"

"Anaimba," alijibu Tatu mwenyewe bila kuinua macho kwenye sahani. "Wewe unasikia kuku tu."

Niliwapa stoo kwa sharti moja, na kila aliyewahi kulea vifaranga atalielewa. Kifaranga wa siku moja hafi kwa baridi na magonjwa tu, anakufa pia kwa hofu. Kikitokea kishindo cha ghafla, wote wanakimbilia kona moja na kupandana, na walio chini wanakosa hewa. Dakika chache zinatosha. Utaingia ukute rundo la manyoya ya njano, wa juu wanapiga kelele na wa chini wamenyamaza. Kwa hiyo nikawaambia: pigeni mnachotaka, saa mnayotaka, ila vifaranga wasishtuke.

Godlove alikuwa mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamia Kibaha kutoka Mbeya, mrefu, mcheshi, mtu wa kuja kwetu kila siku akidai amepita tu, na kila siku akipitia wakati wa chakula. Yeye na Shabani walipigilia trei za mayai kuta nzima. Ngoma hazikuwezekana, basi Godlove akawa anapiga kwa kiganja gunia la maranda, yale mabaki ya randa tunayomwaga chini kwenye banda, na Shabani akairekodi sauti ile, akaikata na kuirudiarudia kwenye kompyuta. Ilitoka nzito na ya chini, kama mtu anayetembea kwenye mchanga akiwa amechoka. Besi ya kinanda waliishusha mpaka ikawa kama lori linalopita mbali, barabara ya Morogoro. Tatu aliimba mdomo ukiwa umegusa maiki, maiki imevikwa soksi, na aliimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Aliimba mambo ya nyumbani: sufuria iliyoungua, foleni ya maji, mtu aliyesema anatoka kidogo. Na chini ya kila wimbo, kwa kuwa ukuta haukufika juu, walisikika vifaranga kwa mbali. Shabani alijaribu kuwaondoa kwenye kompyuta akashindwa, mwisho akawaacha.

Mimi niliusikilizia muziki ule upande wa pili. Nilikuwa na ndoo ya rangi niliyoigeuza kuwa kiti, na kazi za kulea vifaranga zina kusubiri kwingi: unasubiri jiko la mkaa lishike, unasubiri waje kunywa dawa. Kabla ya hapo nilikuwa nawawashia redio ndogo ili wazoee sauti za watu. Sasa niliizima. Tatu alipoanza kuimba, vifaranga walitawanyika vizuri kwenye maranda, wakalala wamenyoosha shingo, na mimi nilikaa juu ya ndoo yangu nikiwa na kitu kifuani ambacho sikujua nikiite nini. Niliamini kwamba nasikia kilichomo ndani ya wadogo zangu, kile ambacho hatukuwahi kukizungumza mezani. Niliamini ndivyo walivyo hasa. Kama mtu angeniuliza mwaka ule nimepata nini kwa kuacha shule, ningemwambia asogee karibu na ukuta asikilize.

Walijiita Chemli, kwa sababu ya taa za chemli tulizokuwa tunawawashia vifaranga umeme ukikatika. Siku moja binamu yake Godlove, aliyekuwa anasoma chuo kikuu, alikuja akakaa stoo saa nzima. Nilimsikia akisema kwa mshangao, "Oya, masela, hii ni trip-hop kabisa! Huko Ulaya watu wanajaza kumbi kwa mambo haya haya. Mmejifunzia wapi?"

Mimi nilikuwa nakwangua maranda yaliyolowa. Kwetu tripu ni ya lori. "Tripu ngapi?" niliuliza kwa juu ya ukuta, nikidhani wanaagiza mchanga.

Walicheka mpaka nikamsikia Shabani akijiziba mdomo kwa shati, na Godlove akitoka nje mbio kwenda kumalizia kicheko chake barabarani. Hata kicheko walikuwa wanakitoa nje. Niliona ni adabu nzuri.

Mwezi wa saba shangazi yetu wa Kisarawe alikuwa anaozesha binti yake, akaomba watoto wa kaka yake waje waimbe. Ilikuwa mchana, uani kwake, chini ya turubai la bluu, wanawake wamevaa sare ya kitenge cha machungwa. Wakati ule nilikuwa na hakika kwamba watu wakiwasikia tu, watanyamaza kama ninavyonyamaza mimi. Kweli walinyamaza, kwa nusu ya wimbo wa kwanza. Kisha mzee mmoja mwenye kanzu akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Jamani, hawa wanaimba au wanauguza?"

Turubai zima likacheka. Mama mmoja akadakia, "Ongezeni sauti! Bi harusi halali hapa, analala kwa mumewe!"

Shangazi akanijia mbio, jasho limemharibia wanja. "Mwanangu, waambie wachangamke. Watu wameshona sare."

"Ndivyo muziki wao ulivyo, shangazi."

"Basi wauweke, waje nao kwenye hitima yangu."

Nilitazama jukwaani. Godlove alikuwa ameinamia kinanda kama anatafuta kitu alichokiangusha. Shabani ameganda. Tatu aliivua ile soksi kwenye maiki, akasogea nyuma hatua moja, akatoa mstari uleule wa wimbo uleule kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu. Ilikuwa kubwa. Ilipita juu ya turubai ikaenda zake. Vigelegele vikapasuka kila upande, na yule mzee wa kanzu akasimama kutuza. Mimi nilidhani ni hasira. Nilidhani mdogo wangu ameaibishwa na sasa anawafokea, na moyo uliniuma kwa ajili yake. Baadaye tulipokaa nyuma ya nyumba kwenye sinia la pilau, Godlove alikuwa anarudia, "Umesikia vile vigelegele? Tatu, umesikia?" Tatu alikuwa anakula kwa pupa kama mtu aliyetoka kulima. Nikasema, "Msiwajali, hawajui muziki." Wote watatu wakainamia sinia.

Kwenye harusi ile alikuwepo mtu mmoja wa Dar aliyejiita Bosi Dulla. Wiki mbili baadaye alikuja Kibaha, akakaa sebuleni kwetu, akanywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, akasikiliza nyimbo zote tano huku akitingisha mguu haraka kuliko ngoma yenyewe.

"Kaka mkubwa," akaniambia mimi, maana alijua wa kumwambia, "vipaji vipo, sibishi. Ila hii ukiipeleka redioni, mtu anadhani redio yake imeharibika. Tunaweka mdundo wa kuchezeka. Dada anapandisha sauti. Na hili jina Chemli litoke. Chemli ni shida, ni umeme umekatika. Tunaita Kemistri."

"Kemistri," Godlove akarudia, kama anaonja.

Nilisubiri mmoja wao akatae. Nilimwangalia Shabani, akaangalia kikombe. Nilimwangalia Tatu, naye akaniangalia mimi, macho makavu yasiyopepesa, akasema, "Kaka, unasemaje?"

Nikasema, "Haya."

Kwetu neno hili lina njia mbili. Ukilikata kwa haraka, umefungua mlango: haya, twendeni. Ukilivuta, macho yakiwa chini, umesema nimesikia, msinihoji zaidi, na kila mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili anajua kuwa hapo hajaruhusiwa. Mimi nililivuta. Nina hakika nililivuta. Lakini Bosi Dulla alipiga makofi, na kabla sijaongeza lolote walikuwa wameshasimama wanashikana mikono, na sikuwa na namna ya kulirudisha neno mdomoni mbele ya mgeni.

Siku nne baadaye nilikwenda Dutumi kutafuta mahindi ya kuku. Nilirudi alasiri. Nilipofika kwenye kona ya nyumba ya jirani nikausikia mdundo, na sikuamini kuwa unatoka kwetu. Bosi Dulla alikuwa amewaazima spika kubwa mbili. Niliangusha gunia nikakimbia. Sikuingia stoo, niliingia upande wangu. Vifaranga walikuwa wa siku sita, na karibu nusu yao walikuwa kwenye kona ya mbali, wamepandana mpaka usawa wa goti langu. Nilianza kuwachota kwa mikono miwili na kuwarusha nyuma yangu kwenye nafasi. Wa juu walikimbia. Wa katikati walikaa walipoangukia. Wa chini walikuwa bapa na bado wana joto.

Muziki ukazimika. Tatu ndiye aliyetangulia kuingia, jasho linamtiririka, uso unang'aa, kisha akaona.

"Kaka," alisema. "Ulisema haya."

"Nilisema haya ya nini?"

"Ya kubadilisha. Tukajua na lile sharti limekwisha."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa na kelele ya kutosha, ya miaka mingi. Nikashindwa, kwa sababu waliobaki walikuwa bado wanatetemeka, na kelele yangu ingewamaliza. Basi tukachimba shimo nyuma ya banda, sote wanne. Godlove alikuwa analia waziwazi. Tulipomaliza kufukia nikasema, kwa sauti ileile ya chini niliyowafundisha, "Mazoezi mtafute pengine." Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamehamia Dar.

Wimbo niliusikia kwenye duka la vyakula vya mifugo, nimesimama kwenye foleni. Muuzaji akaongeza sauti. "Si mdogo wako huyu, Baba Vifaranga?" Nilisikiliza. Ilikuwa sauti yake, lakini imepandishwa na kunyooshwa kwa mashine, kila neno limekaa sawa kama mkunjo wa suruali ya shule. Hakukuwa na gunia la maranda wala kitu chochote cha chini. "Ndiye," nikasema. "Hongera!" "Asante." Watu waligeuka wakanipa mkono, na mimi niliwapokea mmoja mmoja kama mfiwa.

Nilikwenda Dar mara moja kumwona. Alikuwa amepanga chumba chenye pazia la zambarau na kioo kirefu, akanipikia wali na samaki, akaniwekea nyama ya samaki upande wangu kama nilivyokuwa namwekea yeye. Nikamwambia, "Rudini kwenye ule muziki wenu." Akaniongezea wali. "Upi, kaka?" akasema. Nilidhani mji umemsahaulisha. Kemistri ilitoa nyimbo tatu, wa tatu haukupigwa, na kila mmoja akashika njia yake. Shabani anatengeneza kompyuta Mwanza, hakuwahi maziko. Tatu alihamia Kisarawe kwa shangazi, ana duka la vitenge. Na mimi miaka yote hii niliendelea kuamini kwamba kulikuwa na kitu chao cha kweli, kwamba Bosi Dulla aliwanyang'anya, na kwamba mimi, mkubwa wao, niliona kikichukuliwa nikasema haya.

Pale msibani, spika zilipozimwa, Tatu alikuja kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu yangu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Pole, wamekupigia wimbo ule."

"Pole ya nini? Naupenda."

"Si lazima uniambie hivyo."

"Kaka, naupenda." Akashusha khanga puani. "Siku nilipourekodi, nilipaza sauti mpaka masikio yakaziba. Nilidhani nitaanguka kwa raha. Ule muziki wa stoo ndio ulikuwa wako."

"Wangu vipi? Mimi sijui hata kupiga makofi."

"Tulikuwa tunanong'ona kwa sababu ya vifaranga," alisema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Hakuna kingine. Godlove alikuwa anasema, siku kuku wakiisha nitapiga ngoma mpaka Mlandizi wasikie. Halafu tunachungulia juu ya ukuta, tunakukuta umekaa kwenye ndoo yako umefumba macho. Tunashuka tunaendelea kunong'ona."

"Mngeniambia."

"Tungekuambia nini? Wale kuku ndio tulikuwa tunawala." Hakuwa na hasira, ndiyo sababu sikuweza kujitetea. "Na ile haya yako, tuliisikia ulivyoivuta. Wote watatu. Tukiwa barabarani tunamsindikiza mgeni, tukakubaliana kuwa hatukuisikia."

Mama mmoja alipita na jagi la maji tukanawa. Tatu akazungumza habari za nauli ya kurudi Kisarawe na mvua ilivyoharibu barabara ya Maneromango, na mimi nikaitikia panapostahili. Kisha akaondoka na wanawake wenzake.

Shabani aliniachia sidii ya nyimbo zile tano, na mwaka jana binti yangu alizihamishia kwenye simu. Jana mchana, nyumba ikiwa tupu, nilikaa sebuleni nikaupiga wimbo wa kwanza, ambao nimeusikiliza mara nyingi kuliko sala nyingine yoyote. Nilitaka kujua kama bado ni wangu. Kwenye ubeti wa pili, kabla ya mstari wa mtu aliyesema anatoka kidogo, kuna kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Tatu anavuta pumzi. Ni pumzi ndefu mno kwa mstari mfupi kama ule, pumzi ya mtu anayejaza kifua kizima ili atoe sauti yake yote. Anaishikilia. Unaweza kuhesabu mpaka tatu. Halafu anaiachia taratibu pembeni ya maiki, na mstari unatoka mdogo, mtulivu, kama nilivyoupenda.

Niliurudisha nyuma. Nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho, nikainama mpaka sikio likagusa kioo. Anavuta, anashikilia. Paza, nikamwambia. Paza, mdogo wangu, hakuna wa kushtuka humu ndani. Hapazi.